Umetaja, hujachambua: kamera inasema nini katika tamthilia?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninasomea utengenezaji wa filamu na televisheni, mwaka wa pili. Tulipewa dakika tano za tamthilia tuzichambue upande wa kamera tu. Nilitaja kila shoti: picha ya mbali, ya kati, ya karibu, kamera ya chini, kamera ya juu, kamera inayotembea. Nikaandika kwamba kamera ya chini inaonyesha mamlaka, ya juu inaonyesha unyonge, na inayotikisika inaonyesha hofu. Karatasi ilirudi na alama za chini, na maneno mawili pembeni: "Umetaja, hujachambua." Nimekosea wapi? Shoti zina maana zake au hazina?

Jibu: Marahaba. Aliyesahihisha karatasi yako hakukosea, ila alikunyima mstari mmoja ambao ungekuokoa. Mstari wenyewe ni huu: shoti ikiwa peke yake haisemi kitu, kama neno "ndiyo" lisivyosema kitu mpaka ujue mtu aliulizwa nini. Kinachosema ni badiliko. Mwongozaji huanza tukio kwa kumzoesha mtazamaji hali fulani: kamera iko umbali huu, kimo hiki, imetulia au inatembea. Akishamzoesha, anasubiri. Halafu sekunde moja anaivunja ile hali, na mtazamaji anashtuka bila kujua kilichomshtua. Kazi ya mchambuzi ni kuikamata sekunde hiyo na kueleza kwa nini iwe hiyo na isiwe nyingine.

Orodha uliyoikariri si uongo. Ukimpiga mtu picha kutoka chini ataonekana mrefu, ukimpiga kutoka juu ataonekana mdogo; hiyo ni jiometri. Kosa ni kuichukua jiometri ukaifanya kamusi. Kamera ya chini huleta na dari ndani ya fremu, yaani ndani ya kingo za picha, na dari likimkalia mtu kichwani, huyo hana mamlaka tena, amebanwa. Kamera ya juu inaweza kuwa jicho la mzazi anayemchungulia mtoto aliyelala, na hapo hakuna unyonge wowote, kuna ulinzi. Tena bosi akitazamwa kutoka chini tangu kipindi kinaanza mpaka kinaisha, wiki baada ya wiki, kimo hicho hakionekani tena. Kimekuwa kama rangi ya ukuta. Siku atakapopigwa kwa usawa wa macho yake, kama mtu mwingine yeyote, ndipo tutahisi kwamba kiti kimeanza kuyumba.

Maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo tutengeneze tukio letu wenyewe tulipitie shoti kwa shoti.

Dada mtu mzima amekaa mezani, usiku. Mdogo wake wa kiume anaingia. Juu ya meza kuna bahasha, na ndani ya bahasha kuna barua inayothibitisha kwamba nyumba waliyoachiwa na baba yao imeshauzwa, na aliyeiuza ni huyu mdogo. Dada anajua. Mdogo hajui kwamba dada anajua. Mazungumzo yenyewe hayana chochote: mbona umechelewa, kulikuwa na msongamano, umekula, bado. Dakika mbili.

Shoti ya kwanza ni picha pana ya chumba kizima. Dada yuko kushoto, mlango uko kulia, meza iko katikati. Sekunde saba au nane. Shoti hii inafanya kazi ya ramani, ili baadaye tukisogea karibu mtazamaji asipotee. Lakini angalia pia nafasi tupu iliyopo kati ya dada na mlango. Mwongozaji mvivu angempanga mdogo mtu awe ameshaingia. Huyu wetu anataka tumwone akivuka nafasi hiyo yote, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye kitu asichokijua. Bahasha kwa sasa ni alama nyeupe tu mezani, wala hatuijali.

Anakaa. Tunaingia kwenye mazungumzo kwa shoti za begani: kamera iko nyuma ya bega la dada, tunamwona mdogo, kisha nyuma ya bega la mdogo, tunamwona dada. Wote wawili wanaonekana kuanzia kifuani. Ukiandika "shoti ya begani imetumika" umetaja. Kilicho muhimu ni kwamba kila fremu ina watu wawili. Lile bega lililofifia pembeni linatuambia hawa bado wako pamoja, wanapumua hewa moja. Mkato, yaani kuruka kutoka shoti moja hadi nyingine, unakwenda na kurudi mara nne, mara tano, mpaka tunazoea.

Kisha picha ya kitu: bahasha, na kidole cha dada kikiigusa ukingoni. Sekunde moja na nusu. Kuanzia hapa sisi tunajua jambo ambalo mdogo hajui, na mazungumzo yaleyale matupu yanakuwa mazito. "Umekula?" haliwi swali la chakula tena.

Sasa tazama kinachofuata. Tunarudi kwa dada, lakini bega la mdogo wake halipo. Yuko peke yake ndani ya fremu. Tunakata kwenda kwa mdogo, na bega la dada bado lipo, palepale lilipokuwa. Hakuna mtazamaji atakayesema "bega limeondoka", ila mamilioni watahisi kwamba mtu mmoja ameshajitoa kwenye uhusiano huu na mwingine hajapata habari. Nikiwa darasani nikifika hapa huwa nasimamisha picha na kunyamaza. Wengine hupata jibu, wengine husema ni kosa la mpiga picha.

Dada anaisukuma bahasha. Kamera, ambayo mpaka sasa haijasogea hata kidogo, inageuka na kuifuata bahasha ikiteleza mezani, inafika kwenye mikono ya mdogo, inatulia pale mikono inapotulia, kisha inapanda polepole mpaka usoni. Ni tendo la kwanza la kamera katika tukio zima na linatokea wakati siri inahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Uso wake sasa umejaa fremu, kidevu mpaka paji. Na kuna badiliko jingine la chinichini: mwanzoni kamera ilikuwa pembeni kidogo ya mstari wa macho yake, sasa imesogea karibu kabisa na mstari huo, kiasi kwamba anapoinua macho ni kama anatutazama sisi.

Anasoma. Dada anasema, "Baba angesemaje?" Hatumwoni akisema. Tunasikia sauti tu, kamera imebaki kwa mdogo. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa kwa sababu macho yao yanafuata mdomo unaosema. Katika tamthilia, mara nyingi anayesikiliza ndiye mwenye tukio. Maneno tunayapata kwa masikio hata tusipomwona msemaji. Athari ya maneno tutaipata wapi kama si usoni kwa aliyeambiwa?

Shoti ya mwisho ni ile ya kwanza. Kamera palepale, lenzi ileile, chumba kilekile, watu wawili na meza. Hakuna kilichoongezwa, lakini nafasi iliyo kati yao, ambayo mwanzo ilikuwa nafasi ya kutembea, sasa huwezi kuitazama bila kufikiria nani ataivuka.

Nimetumia aina nne au tano tu za shoti, zote za kawaida. Hakuna kreni, hakuna droni, hakuna kamera ya chini wala ya juu. Kama ningeandika kipande hicho kwenye karatasi ya mtihani, ningeandika hivi: "Mwanzoni wahusika wote wawili wanapigwa kupitia bega la mwenzake, hivyo kila fremu ina watu wawili. Baada ya bahasha kuonyeshwa, dada anabaki peke yake ndani ya fremu, ilhali mdogo wake anaendelea kupigwa kupitia bega la dada. Tofauti hiyo inaonyesha uhusiano uliovunjika upande mmoja tu." Sentensi tatu. Ya kwanza inasema hali ilivyokuwa, ya pili inasema kilichobadilika, ya tatu inasema badiliko linafanya nini. Linganisha na ulichoandika wewe, utaona kwamba ulikuwa na nusu ya sentensi ya kwanza, basi.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kamera inalo. Pazia lake ni kingo nne za fremu, na kila shoti ni uamuzi wa kuficha kuliko hata wa kuonyesha. Kwa hiyo ukishauliza "naona nini?", uliza pia "nimenyimwa nini, na nitapewa lini?" Tukio letu la bahasha lingekuwa kitu kingine kabisa kama tungenyimwa ile picha ya kidole. Tungejua pamoja na mdogo mtu, tungepigwa na mshtuko badala ya kukaa roho juu kwa dakika moja nzima. Njia zote mbili ni halali. Ni suala la mtazamaji akae upande wa nani.

Sasa kuhusu hii "picha ya karibu" ambayo umeitaja mara tisa. Picha mbili za karibu zinaweza kuwa na uso wa ukubwa uleule na bado zikasema mambo mawili tofauti, kwa sababu kamera haikusimama mahali pamoja. Chukua lenzi pana, tuseme ya milimita 24, uisogeze hadi karibu na pua ya mwigizaji. Uso unajaa fremu, pua inavimba kidogo, na nyuma yake chumba kizima kinaonekana kikiwa kimetawanyika. Tumeingia ndani ya pumzi yake. Kisha chukua lenzi ya milimita 85, rudi nyuma mpaka uso uwe na ukubwa uleule. Sura imetulia, inapendeza, ukuta wa nyuma umevutwa karibu na kufifia, na sehemu ya ukuta inayoonekana ni ndogo tu. Hapa tunachungulia kutoka mbali. Ya kwanza huwa haistareheshi, ya pili huwa na upole, au upelelezi, kutegemea tukio. Njia rahisi ya kutambua ukiwa mbele ya skrini: acha uso, tazama nyuma yake. Ukiona mlango, dirisha na kabati vyote kwa pamoja, kamera iko karibu. Ukiona kipande cha pazia kilichofifia, kamera iko mbali.

Jambo hilohilo linatenganisha kusogeza kamera na kuvuta kwa lenzi, vitu viwili ambavyo katika karatasi yako umeviita kwa jina moja. Kamera ikisogea yenyewe, juu ya doli (kigari cha kubebea kamera) au mikononi, vitu vya mbele vinapishana na vya nyuma: glasi iliyo mezani inatoka njiani, kiti kinapita, tunahisi kwamba sisi ndio tunaotembea. Ukivuta kwa lenzi hakuna kinachopishana na kingine, kila kitu kinakua sawasawa kama picha inayokuzwa. Kwa hiyo kusogea polepole kuelekea kwa mtu anayefikiri huonekana kama tunaingia kichwani mwake, wakati kuvuta kwa lenzi huonekana kama kuna mtu wa tatu, mahali fulani, amemwona na kukaza macho. Ndiyo maana tamthilia za kuchekesha zinazojifanya ni makala za matukio ya kweli hupenda mvuto wa ghafla wa lenzi: zinataka tumhisi mpiga picha.

Mwaka 1958, katika filamu ya Vertigo, Alfred Hitchcock alivichanganya vyote viwili kwa pamoja ili kuonyesha kizunguzungu cha mtu anayeogopa kimo: kamera na lenzi vinakwenda pande mbili tofauti, kitu kilicho mbele kinabaki na ukubwa uleule huku ulimwengu ukitanuka nyuma yake. Televisheni imeiiga mbinu hiyo mpaka imechakaa. Siku hizi nikiiona, mara nyingi najifunza tu kwamba mwongozaji anaifahamu.

Kwa nini televisheni hutegemea uso namna hii? Historia yake inajibu. Skrini za zamani zilikuwa ndogo na fremu yake ilikaribia mraba, uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo mandhari pana ilikuwa ukungu tu na uso ndio uliosomeka. Kulikuwa pia na suala la muda. Mwaka 1951 kipindi cha kuchekesha cha Marekani, I Love Lucy, kilianza kurekodiwa kwa kamera tatu za filamu kwa mpigo, mbele ya watazamaji waliokaa studioni. Mkuu wa upigaji picha alikuwa Karl Freund, na hapa kuna kichekesho ninachokipenda: huyu ndiye aliyejifunga kamera kifuani huko Ujerumani mwaka 1924 ili kuikomboa kutoka kwenye miguu yake mitatu. Miaka karibu thelathini baadaye, Hollywood, kazi yake ikawa kupanga taa ili kamera tatu zione vizuri kwa wakati mmoja bila kuonana. Ukitaka kamera zote zione vizuri, mwanga unapaswa kutapakaa karibu sawa kila mahali, na kamera zote zinapaswa kukaa upande mmoja wa seti. Tamthilia nyingi za kila siku bado zinarekodiwa kwa mtindo wa namna hiyo, na ndiyo sababu sebule zake zina kuta tatu na sofa linatazama kule ambako ukuta wa nne haupo.

Kukaa upande mmoja kuna faida nyingine: huwezi kuvuka mstari. Mstari huu ni wa kufikirika tu, unapita kutoka kwa mhusika mmoja hadi kwa mwingine. Kamera ikibaki upande mmoja wake, ndani ya nyuzi 180, dada atatazama kulia daima na mdogo wake kushoto, na tutaamini kwamba wanatazamana. Ukivuka, mmoja anageuka. Nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa bado msaidizi, tulirekodi nusu ya mazungumzo ya mezani asubuhi, tukaenda kula, tulipopumzika mtu akaisogeza meza ili kukimbia jua la dirishani, nasi tukapanga upya kamera bila kuangalia tulichorekodi. Kwenye uhariri wahusika wote wawili walikuwa wanatazama kulia. Mume na mke waliokuwa wakigombana walionekana kama watu wawili wanaomlalamikia mtu wa tatu asiyeonekana. Mhariri aliokoa jahazi kwa kuchomeka picha ya glasi ya maji katikati, ili jicho lisahau pande kabla ya kurudi usoni. Mpaka leo nikiona glasi imeonyeshwa bila sababu katikati ya ugomvi, natabasamu.

Lakini mstari unaweza kuvukwa kwa makusudi. Kamera ikivuka mbele ya macho yetu, kwa kutembea nyuma ya mhusika mpaka upande wa pili, hatupotei, ila tunahisi mambo yamepinduka. Ukiikuta hiyo katika dakika zako tano, tazama saa. Kwa kawaida ni pale mwenye nguvu anaponyang'anywa.

Sasa kutembea kwa kamera. Kugeuza kulia na kushoto, kuinua na kushusha, hizo nazipita, ulizieleza vizuri. Kreni pia, na droni, ambayo katika tamthilia nyingi hutumika kusema "tuko mji mwingine sasa" na si zaidi. Fremu iliyoinamishwa upande ni kama chumvi, kijiko cha pili kinaharibu.

Kilichobadilisha tamthilia kwa kweli ni kamera inayotembea na watu. Garrett Brown, mpiga picha wa Marekani, alibuni Steadicam katika miaka ya 1970: mkono wenye springi uliofungwa kwenye fulana ya mpiga picha, unaomeza mtikisiko wa hatua zake. Kwenye filamu ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Tamthilia ya hospitali ER, iliyoanza mwaka 1994, iliifanya kuwa lugha yake ya kila wiki: mgonjwa anasukumwa korido nzima, kamera inamzunguka, daktari mmoja anaondoka na mwingine anaingia, amri zinapishana, bila mkato. Mtazamaji hakupewa nafasi ya kupumua kwa sababu mkato, hata ukiwa wa kasi, ni pumzi. Faida nyingine ilikuwa ya kijiografia: baada ya wiki chache watu walijua hospitali ile ya kubuni ilivyokaa, mlango wa magari ya wagonjwa uko wapi na chumba cha dharura kiko wapi, kama majirani.

Mwaka 2025 tamthilia ya Uingereza, Adolescence, ilikwenda hadi mwisho wa njia hiyo: sehemu nne, kila sehemu shoti moja isiyokatwa. Inafaa kuitazama kwa ajili ya swali lako kwa sababu inaonyesha gharama. Asiyekata hawezi kuchomeka picha ya kidole kwenye bahasha. Hawezi kuruka kwenda usoni kwa anayesikiliza. Lazima atembee kwenda huko, na kutembea kunachukua muda, na muda huo lazima uwe na kitu. Kwa hiyo kila sekunde kamera inachagua nani wa kumwacha. Mwisho wa sehemu ya pili kamera inafungwa kwenye droni, inaruka juu ya mji, kisha inashuka hadi kwa baba wa mtoto mtuhumiwa, mahali mauaji yalipotokea. Baada ya karibu saa nzima ya kutembea kwa kimo cha binadamu kwenye korido za shule, kupaa huko kunakugusa. Kungekuwa sehemu ya kwanza, dakika ya kwanza, kungekuwa droni tu kama nyingine.

Na hapo tunarudi kwenye kamera yako inayotikisika. Uliandika ni hofu. Dakika ulizopewa zimetoka kwenye tamthilia ya polisi, na kwa maelezo yako kamera inatikisika tangu mwanzo: wakati wa chai, wakati wa kujaza fomu, wakati wa kucheka. Tangu miaka ya 1990 tamthilia nyingi za namna hiyo hupigwa kwa kamera ya mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili zionekane kama mambo yanatokea kweli na mpiga picha anajitahidi kuyawahi. Ndani ya dunia hiyo mtikisiko hausemi hofu, kama vile kelele za barabarani zisivyomwambia kitu aishiye kando ya barabara. Kinachosema ni utulivu. Tafuta, bila shaka kuna shoti moja au mbili ambapo kamera imewekwa kwenye stendi na haitikisiki. Nadhani utakuta ni mtu ameambiwa habari ya kifo.

Tahadhari moja kabla hujaanza kuona maana kwenye kila kitasa cha mlango. Tamthilia ya televisheni hurekodiwa kwa haraka, na shoti nyingi zipo kwa sababu jua lilikuwa linazama, mwigizaji mmoja alikuwa ameshaondoka, au chumba kilikuwa kidogo na kamera haikuwa na pengine pa kukaa. Nimewahi kusoma uchambuzi wa kurasa mbili kuhusu "upweke" wa mhusika anayepigwa peke yake ukutani. Nilichojua mimi ni kwamba mwenzake alikuwa na homa siku ile. Utapambanuaje? Jambo likitokea mara moja, liache. Likitokea mara tatu na mara zote kwenye hali zinazofanana, kuna mtu aliamua. Na likitokea mara moja tu, lakini palepale tukio linapogeuka, andika, ila andika kwa unyenyekevu.

Ukirudia kazi, zima sauti kwanza. Tazama dakika zote tano ukiwa na kalamu, usiandike jina la shoti hata moja. Weka alama ya saa kila unapohisi kitu kimebadilika, hata kama hujui ni nini. Utapata alama sita au saba hivi. Rudi kwenye kila alama uangalie ni nini hasa: umbali, kimo, bega, lenzi, mwendo, urefu wa shoti. Kisha washa sauti, uone mstari upi wa mazungumzo umeangukia hapo. Alama tatu zilizochambuliwa vizuri zinatosha kurasa zako zote, zilizobaki zitupe.

Anza na kamera ya juu, ile uliyosema inaonyesha unyonge. Usiitazame yenyewe. Rudisha nyuma sekunde kumi, uone kabla ya hapo kamera ilikuwa imesimama wapi, na kwa muda gani.